Mwanafunzi wa Muhula wa Pili

Wenzake saluni walimwita Cherehani, kwa sababu vidole vyake vikianza kusuka huwezi kuvifuata kwa macho. Ukija kugutuka, kichwa kimeisha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mitano kati ya hiyo alikuwa ameimaliza amesimama nyuma ya kiti cha tatu kutoka mlangoni, mgongo umeinama, meno yameshika chanuo.

Kusuka alijua. Dawa hakujua. Kwenye dawa alifuata tu mkono wa waliomtangulia: unachota, unapaka, unasubiri, unaosha. Basi Alhamisi moja akaja mteja, mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole wa maneno machache, akaomba kulainishwa nywele. Cherehani akachota, akapaka, akasubiri. Mteja akasema inawasha. Cherehani akamwambia avumilie kidogo, urembo una udhia wake. Mteja akavumilia, maana alikuwa mtu wa kuvumilia. Walipomwosha, ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa imechubuka na inatoa maji.

Yule mwalimu hakugomba. Alijifunga kitambaa polepole, akashukuru, akaondoka. Hicho ndicho kilichomuuma Cherehani kuliko yote. Angetukanwa, lingekwisha palepale.

Mwenye saluni, ambaye hata shida ikiwa kubwa namna gani aliizungumza akiwa amekaa, akamwita kwenye kochi.

"Mikono yako inajua," akamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye hujui. Kwa nini dawa ileile juzi ilimpendeza mtu na leo imemchuna mwingine?"

"Sijui, madamu."

"Basi nenda chuo ukajue. Ukirudi na cheti, kiti cha dawa chako. Bila cheti, kuanzia leo wewe ni wa kusuka."

"Chuo cha urembo ni ghali."

"Wana ufadhili. Kachukue fomu. Fomu haiumi."

Fomu ikauma. Ilikuwa na kurasa sita, na kila ukurasa ulimwita kwa jina jingine. Wa kwanza ulimwita mwombaji, wa pili mtegemezi, wa tatu mnufaika mtarajiwa, hata akawa anageuza nyuma kuhakikisha kwamba bado wanamzungumzia yeye. Swali la kumi na nne lilitaka kujua kama analelewa na mzazi au mlezi. Chini yake waliandika: kama hapana, ruka swali la kumi na tano, kama umelijibu la kumi na tano, rudi la kumi na nne. Cherehani alizunguka baina ya maswali hayo mawili kama ng'ombe wa kinu, mwisho akaifunga fomu akaipeleka nyumbani kwa mtu aliyemtegemea kwa kila jambo la kalamu na lisilo la kalamu.

Mtu huyo alikuwa mama yake mdogo. Mama mzazi alifariki Cherehani akiwa na miaka miwili, na mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na amebakiza miezi michache afanye mtihani wa mwisho wa sekondari, akaacha shule, akambeba mtoto mgongoni, asirudi tena darasani. Waliishi wawili katika vyumba viwili. Mama Mdogo alikuwa amefanya kazi za kila namna, na kwa miezi minane sasa alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni. Ndivyo alivyosema. Alitoka asubuhi na kurudi jioni mikono inanukia vizuri, na alipoulizwa alisema sabuni ya wageni si kama sabuni yetu sisi.

Cherehani alimkuta anakunja nguo. Akamweleza habari ya yule mteja, na kiti cha dawa, na fomu.

"Chuo kipi?" akauliza Mama Mdogo.

"Hiki cha nyuma ya posta."

Mama Mdogo akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Wewe ulisema shule imekuchosha."

"Nilisema nikiwa na miaka kumi na saba, Mama."

"Mimi nilishika hilohilo."

"Sasa nimebadili. Nipe vyeti vyangu nikavitolee nakala."

"Nitavitafuta."

Cherehani akashangaa. Tangu apate akili, vyeti vyote vya nyumba ile vilikaa katika mkoba mmoja mweusi juu ya kabati. Hakukuwa na cha kutafuta. Lakini Mama Mdogo alivitafuta siku tatu, na siku zote tatu mkoba ulikuwa palepale juu ya kabati, na Cherehani kila alipotaka kuushusha aliambiwa aache, una vumbi. Siku ya nne akakabidhiwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule ndani ya mfuko mpya wa plastiki. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na mhuri wa duara wa rangi ya zambarau.

"Mhuri huu wa nini?"

"Wa serikali."

"Nyuma?"

"Serikali hugonga inapotaka," akasema Mama Mdogo, akatoka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Cherehani hakuelewa, lakini kuna mambo mengi ya Mama Mdogo ambayo alishazoea kutoyaelewa. Jumatatu akaomba ruhusa saluni, akavaa viatu vya kufunga, akaenda chuoni na fomu yake imejazwa nusu.

Karani wa ufadhili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani, ila miwani yenyewe alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso na anaitafuta mezani. Cherehani akamwonyesha kwa kidole. Akaishusha bila kushukuru, akachukua fomu, akasoma jina, kisha akavuta daftari kubwa na kufuata orodha kwa ncha ya kalamu.

"Unataka nini, dada?"

"Ufadhili."

"Unao."

"Ninao nini?"

"Ufadhili. Ulipewa mwaka jana. Sasa uko muhula wa pili."

Cherehani akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa wake. Karani hakucheka. Akaligeuza daftari upande wake.

Yalikuwa majina yake yote matatu, kwa mpangilio wake. Tarehe yake ya kuzaliwa. Namba ya cheti chake cha shule. Kwenye mahudhurio palikuwa na alama za vema tupu kuanzia juu mpaka chini. Hakuwa amekosa hata siku moja. Kwenye mtihani wa nadharia alikuwa amepata themanini na nane. Katika maisha yake Cherehani hakuwahi kufika sabini, na kwa sekunde chache, kabla akili haijamrudia, aliona fahari.

"Sijawahi kuingia hapa," akasema.

"Mbona unahudhuria kila siku?"

"Mimi nipo saluni kila siku."

Karani akafungua kabati, akatoa faili. Picha iliyobandikwa ilikuwa nakala ya nakala, nyeusi tititi, haionekani ila paji la uso na meno. Akaisogeza karibu na uso wa Cherehani, akaiondoa, akairudisha.

"Wewe si huyu."

"Lakini jina ni langu."

"Jina, ndiyo. Sura, hapana. Huyu ninamjua, ananisalimia kila asubuhi. Mtu mzima kidogo. Siku ya kwanza nilimuuliza miaka, akaniambia shida humzeesha mtu, nikamwonea huruma." Akaivua miwani. "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye jina."

"Ndivyo wanavyosema wote. Dada, kuchukua jina la mtu ukaombee ufadhili ni kosa kubwa. Nipe hivyo vyeti. Kaa hapo, namwita mkuu wa chuo."

Akatoka na vyeti mkononi. Cherehani akakitazama kile kiti alichoambiwa akalie. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamevurugana kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Hajui aanzie wapi kuchambua. Alikuja kuomba, ameambiwa anacho. Alisema yeye ni yeye, ameambiwa ni mwizi wake mwenyewe. Akili ilimwambia akae. Miguu ikatoka. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anakwenda kujiona.

Ukumbi ulinukia asetoni na mvuke wa pasi. Milango ilibandikwa karatasi: nywele, kucha, uso. Kwenye mlango wa uso pameandikwa pia muhula wa pili, nao ulikuwa wazi nusu. Ndani, wasichana kama ishirini wenye makoti meupe walikuwa wamesimama wawiliwawili mbele ya vioo, na mwalimu, kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, alikuwa anaita majina. Akaita la kwanza. Akaita la pili. La tatu akaita la Cherehani, yote matatu, bila kukosea.

Cherehani akafungua mdomo. Angeitika, alishavuta pumzi.

"Nipo, mwalimu," ikaitika sauti ya karibu na dirisha.

Sauti ile aliijua kuliko alivyoijua yake. Ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi ya maisha yake, ikamfundisha kuhesabu, ikamkaripia alipolala bila kuosha miguu. Mama Mdogo alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nywele amezibana nyuma. Mkononi ana kibano, na mbele yake amekaa msichana amefumba macho, anatindwa nyusi.

Macho yao yakakutana kwenye kioo.

Mama Mdogo hakushtuka kwa namna ambayo mtu mwingine angeiona. Mkono tu ulisimama hewani. Kisha akainama akaendelea, akamaliza nyusi ya kushoto, maana ya kulia ilikuwa imeshakwisha na huwezi kumwacha binti wa watu na nyusi moja. Akafuta kibano, akamnong'oneza mwalimu jambo, akatoka.

Akamwongoza Cherehani mpaka uwani, nyuma ya jengo, kwenye kamba zilizoanikwa taulo ndogo nyeupe.

"Umeshakula?" akauliza.

"Mama, wewe ndiye mimi?"

Mama Mdogo akashika taulo moja kana kwamba anapima unyevu. "Wanataka wasiozidi miaka thelathini. Mimi nina arobaini. Na cheti cha shule sina, unajua kwa nini sina. Wewe una vyote na huvitumii. Nikasema, huku si kuiba. Ni kuazima."

"Kuazima mtu huomba."

"Ningekuombaje? Nianze vipi? Mwanangu, nipe jina lako nikasome?" Akacheka bila furaha. "Miaka yangu yote ya kusoma iliingia kwako. Nikaona nikichukua michache, pengine haina kelele."

Cherehani akatafuta hasira. Alijua ipo, lakini kila alipoifikia aliikuta imekaa pamoja na kitu kingine, na hicho kingine kilitaka kucheka, na nyuma yake kulikuwa na cha tatu kilichotaka kulia. Hakujua kipi kitangulie, akabaki anazitazama taulo.

"Na nyumba ya wageni?"

"Hakuna nyumba ya wageni."

"Na fedha za nyumbani ulizokuwa unaleta?"

"Jioni kabla sijarudi nafanya kucha za watu, majumbani kwao. Nimejifunza muhula wa kwanza."

"Na cheti? Kikitoka kitaandikwa jina langu. Wewe kitakufaa nini?"

"Hapo," akasema Mama Mdogo, "ndipo hata mimi huwa sipaelewi. Nilifikiri nitakupa. Cheti kitakuwa chako, ujuzi utakuwa wangu, tutafungua mahali petu, nani atauliza? Kisha ukaja na fomu. Siku zile tatu nilikuwa naomba ubadili nia. Mungu anisamehe."

Cherehani akamuuliza jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakutarajia kuliuliza wakati ule.

"Yule mteja wangu. Kwa nini aliungua?"

Mama Mdogo akageuka, na uso ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliye kazini. "Alikuja amesuka au nywele wazi?"

"Alikuwa amefumua asubuhi ileile."

"Umeona. Akifumua hujikuna, na akijikuna ngozi inafunguka midomo midogomidogo usiyoiona. Dawa ikikuta hapo, haina huruma. Unamwambia akae siku tatu, nne. Ukija kupaka, unaanza na mafuta mazito kwenye ngozi, nyuma ya masikio na kisogoni, ndipo dawa. Na akisema inawasha, hakuna kuvumilia. Unaosha saa hiyohiyo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Ndiyo maana ya chuo."

Wakatazamana. Cherehani aliwahi kumwona mama huyu anafua, anabeba ndoo, anagombana na fundi bomba. Hakuwahi kumwona anajua kitu kwa namna ile, ametulia nacho, kinatoka bila kutafutwa.

Karani akatokeza mlangoni, miwani imerudi kwenye paji la uso. "Wote wawili," akasema. "Kwa mkuu."

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mrefu asiye na rangi hata moja usoni, kucha amezikata mpaka kwenye nyama. Mezani alikuwa na faili, daftari la mahudhurio na vile vyeti vya Cherehani vimelazwa kifudifudi, mihuri ya zambarau ya chuo juu. Hakuwaambia wakae.

"Nitauliza mara moja," akasema. "Nani kati yenu ni huyu aliyeandikwa hapa?"

"Ni yeye," akasema Mama Mdogo, akamwonyesha Cherehani.

"Ni yeye," akasema Cherehani wakati uleule, akamwonyesha Mama Mdogo.

Karani akatazama huku na huku kama mtu anayeangalia mpira. Mkuu akaweka kalamu chini.

Cherehani hakujua kwa nini alisema vile. Nusu saa iliyopita alikuwa tayari kuapa kwa kila kitu kwamba jina ni lake. Labda ni zile alama za vema. Labda ni themanini na nane, ambayo hakuivujia jasho hata tone. Mama Mdogo akamtazama, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia mkuu na kueleza yote tangu mwanzo, bila kujipamba na bila kujilaza chini: dada aliyefariki, mtihani ambao hakuufanya, mkoba juu ya kabati, umri. Alipofika kwenye umri, mkuu akamsimamisha.

"Ulitumia jina la binti kwa sababu ya miaka thelathini?"

"Ndiyo, mkuu. Imeandikwa ukurasa wa kwanza."

"Kwenye Fomu A imeandikwa."

"Sikuona A yoyote. Ni fomu."

Mkuu akageuka kwa karani. Karani akawa anasafisha miwani.

"Wa zaidi ya miaka thelathini," mkuu akasema taratibu, "wana Fomu B. Haiulizi cheti cha shule. Inauliza mtu amefanya kazi gani maishani. Ina nafasi tano kila mwaka, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeiomba. Mfadhili anaandika kuuliza kwa nini wanawake wa umri huo hawataki kusoma, nami namjibu kwamba sijui."

Mama Mdogo alisogea akashika ukingo wa meza.

"Fomu B iko wapi?" akauliza.

Karani akainama, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa bunda zima ambalo bado lilikuwa na kamba ya kiwandani. "Mtu asipoomba," akasema kwa sauti ndogo, "huwezi kumpa."

"Mtu asipojua ipo, anaombaje?" akauliza Cherehani.

Karani akaanza kufungua ile kamba, ambayo ilikuwa imekaza sana ikamchukua muda mrefu.

Mkuu aliwaambia waende nyumbani. Hakuwa na neno la kuwaambia, alisema waziwazi. Kanuni zilieleza mtu anayejifanya mwingine, lakini hazikueleza mtu anayejifanya mwingine ambaye ni mwanawe, wala mwenye jina anayelikana jina. Angemwandikia mfadhili. Mpaka majibu yarudi, hakuna kati yao atakayekanyaga darasani. Mama Mdogo akavua koti jeupe palepale, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akaondoka na Fomu B moja.

Njiani walipita mbele ya posta, wakapita duka la vifaa vya umeme, wakasubiri magari yapite. Cherehani alitaka kumwambia mama yake pole, akaona siye yeye wa kusema pole. Akataka aambiwe yeye pole, akaona aibu.

"Bado umekasirika?" Mama Mdogo akauliza walipofika mlangoni.

"Sijui kama nimeanza."

Majuma mawili walikaa na Fomu B mezani kama mgeni asiyeaga. Walijaza sehemu ya kazi kwa furaha, maana kazi za Mama Mdogo zilijaa mistari yote zikapanda pembeni mpaka juu. Wakakwama swali la tisa: je, umewahi kupata ufadhili wa chuo hiki?

"Andika hapana," akasema Mama Mdogo. "Aliyepata ni wewe."

"Nilipata lini?"

"Basi andika ndiyo."

"Nikiandika ndiyo wataangalia daftari, jina lako halimo. Watasema umedanganya tena."

"Kwa hiyo nikisema kweli nimedanganya, na nikidanganya nimesema kweli."

"Ndivyo ilivyo."

Wakakaa wakiitazama karatasi. Hapo ndipo kicheko kilipowashika, wote wawili, mpaka Cherehani akalaza kichwa mezani na Mama Mdogo akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Walipotulia, Cherehani akachukua kalamu. Hakuandika ndiyo wala hapana. Alikata kile kisanduku kwa mstari, akaandika pembeni habari yenyewe kama ilivyokuwa, akageuza karatasi akaendelea nyuma, akamaliza kwa kusema kwamba anayeandika ni mwenye jina na hana kinyongo. Hilo la mwisho hakuwa na hakika nalo, lakini aliona likikaa kwenye karatasi huenda litazoeleka.

Majibu ya mfadhili yalikuja baada ya wiki sita, barua mbili katika bahasha moja. Ya kwanza ilisema mnufaika halali aendelee na masomo kuanzia pale mahudhurio yake yalipoishia. Cherehani aliisoma mara nne. Mahudhurio yake yaliishia katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo alitakiwa aendelee na kitu ambacho hakuwahi kukianza. Ya pili ilisema kwamba ombi la Fomu B limesomwa kwa makini. Mwombaji hatapewa nafasi mwaka huu kwa sababu ya udanganyifu, ila aombe tena mwaka ujao, na kwamba mihula aliyosoma kwa jina lisilo lake haitahesabiwa. Atakapokubaliwa, ataanza mwanzo.

"Kumbe nilichosoma sikukisoma," akasema Mama Mdogo.

"Na mimi ambacho sikukisoma nimekisoma."

Mama Mdogo akaikunja barua yake. Iliuma. Lakini hakuwa mtu wa kukalia donda. Asubuhi yake alikwenda saluni kwa mwenye saluni, akamweleza yote, akaomba kiti cha tatu mpaka binti atakapomaliza. Mwenye saluni akasikiliza akiwa amekaa, akamwekea mikono yake mwenyewe mezani. Mama Mdogo akamtengeneza kucha kumi. Akapewa kiti. Dawa hapana, hana cheti. Nyusi, uso na kucha tu. Baada ya mwezi wasusi wakawa wanakuja kumnong'oneza kabla ya kupaka dawa, naye anawaambia nani apakwe na nani arudishwe nyumbani akapoe ngozi kwanza.

Jioni kabla ya chakula, Cherehani alikaa chini na Mama Mdogo juu ya kiti, akifundishwa muhula wa kwanza na nusu ya wa pili kutoka katika madaftari sita yaliyoandikwa kwa mwandiko wa shule wa zamani, herufi zimelala upande mmoja. Lilikuwa somo gumu. Cherehani mikono ilikuwa inajua haraka na kichwa kinachelewa, na mwalimu wake hakuwa na subira ya bure.

"Tabaka za ngozi ni ngapi?"

"Mbili."

"Tatu. Ukisema mbili tena leo hulali."

Siku ya kurudi darasani, Cherehani alikabidhiwa koti lilelile jeupe. Lilimpwaya mabegani. Akasimama mbele ya kioo cha karibu na dirisha, kwa kuwa ndiyo nafasi pekee iliyokuwa wazi, na wasichana wote wakamgeukia. Mwalimu mwenye ndevu za rula akafungua rejista. La kwanza, la pili. La tatu akasita, akamtazama juu ya daftari, akaliita jina polepole kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole.

"Nipo," akasema Cherehani. Ilitoka kama swali.

Msichana aliyekuwa pembeni yake, mwenye nyusi nzuri sana, akamsogelea. "Kwa hiyo yule mwingine alikuwa nani?"

"Mama yangu mdogo."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye yeye. Yaani, yeye ndiye alikuwa mimi."

Msichana akafikiri, akaacha. "Atarudi? Hakuna anayetinda kama yeye."

"Atarudi mwakani. Muhula wa kwanza."

"Wa kwanza? Yule ambaye alikuwa anatufundisha sisi?"

Cherehani akafungua mdomo aeleze habari ya barua mbili, na mahudhurio, na Fomu B, kisha akaona ni safari ndefu na mwalimu ameshaanza kugawa vibano. Akachukua chake. Msichana akakaa kitini, akainua uso, akafumba macho kwa imani yote.

"Anza na ya kulia," akamwambia. "Yeye huanza na ya kulia."

Cherehani akainama, akamvuta ngozi ya paji la uso kwa kidole gumba kama alivyofundishwa nyumbani, na akaanza na ya kulia.